Danie Craven, Kiongozi wa Raga Aliyetugusa Hata Sisi wa Karatu

Wana-Karatu wenzetu, mwaka huu tunachangia uwanja wa michezo, kwa hiyo ukurasa huu tumempa kiongozi wa michezo. Hakuwa mtu wa kwetu, lakini uamuzi wa bodi yake ulifika mpaka kwetu.

Daniel Hartman Craven alizaliwa Oktoba 11, 1910 karibu na mji mdogo wa Lindley, Afrika Kusini, akakulia shambani. Alikwenda Chuo Kikuu cha Stellenbosch kusomea uchungaji, akahamia masomo mengine, na mwishowe akawa na shahada tatu za uzamivu. Raga siku hizo ilikuwa mchezo wa ridhaa, mchezaji hakulipwa. Mwaka 1931 aliitwa timu ya taifa kabla hata hajachezea jimbo. Kazi yake ilikuwa kuutoa mpira kwenye skrumu, na pasi yake ya kujirusha ilisifika hadi ng'ambo. Alicheza mechi 16 za kimataifa.

Baada ya ukocha, mwaka 1956 alishika uongozi wa bodi ya raga, akakaa humo hadi kufa. Miaka 36! Sisi tunaoshika vitabu vya chama hiki tungeuliza maswali. Alijenga mengi, yakiwemo mashindano ya vijana wa shule yenye jina lake, yaliyoanza 1964. Lakini bodi ilikuwa ya wazungu, na hadi 1981 hakuna asiye mzungu aliyeichezea timu yao ya taifa mechi ya kimataifa.

Mwaka 1976 bodi hiyo iliipokea New Zealand, muda mfupi baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. New Zealand ilipoachwa kushiriki Olimpiki ya Montreal, Tanzania ilijitoa, na nchi nyingine zaidi ya 20. Filbert Bayi wetu alikuwa ameshamshinda John Walker wa New Zealand kule Christchurch mwaka 1974, kwa rekodi ya dunia ya mita 1,500. Montreal hakukimbia, na Walker akatwaa dhahabu. Tunaamini Tanzania ilifanya sawa. Ila gharama hiyo haikuandikwa kwenye vitabu vya bodi ya Craven, tuliilipa sisi.

Oktoba 1988, akiwa na miaka 78, mzee huyo alikwenda Harare kuonana na ANC, chama kilichopigwa marufuku kwao. Serikali ya Makaburu ilikasirika, na wazungu wenzake wengi pia. Alichelewa sana, lakini alikwenda. Mwaka 1992 bodi yake iliungana na chama cha raga kilichopinga ubaguzi, na yeye na Ebrahim Patel wakawa marais kwa pamoja. Agosti mwaka huo huo Afrika Kusini ilirudi kwenye mechi za kimataifa, na wageni wa kwanza walikuwa New Zealand.

Craven alifariki Stellenbosch Januari 4, 1993.