Henson, mbeba mzigo wa safari ya Ncha ya Kaskazini

MATTHEW Henson alizaliwa Agosti 1866 katika jimbo la Maryland, Marekani, miezi minane tu baada ya katiba ya nchi hiyo kupiga marufuku utumwa. Akiwa bado kijana alijiunga na mabaharia. Mwaka 1887 alikuwa akifanya kazi katika duka la kofia mjini Washington alipokutana na Robert Peary, afisa wa jeshi la majini, aliyemwajiri kama mtumishi.

Wawili hao walisafiri pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Peary alikuwa na azma ya kufika Ncha ya Kaskazini, ila azma haimlishi mtu barafuni. Henson alijifunza lugha ya Wainuit wa Greenland, akaishi nao, akawa hodari wa kuongoza mbwa na kuunda sleji, yale magari yasiyo na magurudumu yanayokokotwa juu ya theluji.

Machi 1909 msafara uliondoka Cape Columbia, kaskazini mwa Kanada, ukiwa na watu 24, sleji 19 na mbwa 133. Mbele yao kulikuwa na zaidi ya kilomita 750 za bahari iliyoganda, pasipo ghala wala kijiji. Kwa siku, kila mtu alipimiwa karibu nusu kilo ya nyama iliyokaushwa na kuchanganywa na shahamu, biskuti kiasi hicho hicho, maziwa na chai kidogo. Mbwa naye alihitaji nusu kilo ya nyama. Kwa hesabu hiyo wote hawangeweza kufika. Hivyo basi, makundi yalibeba shehena na kufungua njia, kisha yakarudishwa moja baada ya jingine ili akiba iwatoshe wachache. Mikebe ya mafuta ya kupikia ilipovuja, baadhi walilazimika kurudi nchi kavu kuchukua mengine, huku ufa mpana wa maji ukiwazuia waliotangulia kwa siku kadhaa.

Mwishowe walisalia Peary, Henson na Wainuit wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Peary alidai walifika Aprili 6. Watafiti wengi wametilia shaka dai hilo, lakini shaka yao ni juu ya vipimo vya Peary, wala si kazi ya Henson.

Peary alipandishwa cheo. Henson alipewa ukarani katika ofisi ya forodha ya New York mwaka 1913, akastaafu 1936. Klabu ya wavumbuzi mjini humo ilimpokea mwaka 1937, akiwa ametimiza miaka 70. Alifariki mwaka 1955. Mwaka 1988 mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya kitaifa ya Arlington, karibu na kaburi la Peary.