Alexander Mackay, Mwalimu Aliyekuwa Fundi

Mtu atakaye kujenga shule ya watoto humwajiri kwanza mtu aliyejifunza kuchora ramani za majengo. Kisha huwatafuta waashi, maseremala na wahunzi. Lakini zamani, penye pwani ya Ziwa Victoria, hapakuwa na mtu wa namna hiyo wa kuajiriwa. Alikuwako Mzungu mmoja tu ambaye kazi hizo zote alizifanya mwenyewe, na tena alikuwa mwalimu. Jina lake lilikuwa Alexander Mackay.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskochi. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyemfundisha kusoma. Tangu utoto alipenda kumtazama mhunzi akifua chuma, na alikuwa akienda kwa miguu mwendo wa maili kadhaa ili apate kuliona gari la moshi kwa dakika chache tu. Mwaka 1867 aliingia chuo cha waalimu mjini Edinburgh. Siku za Jumapili alifundisha watoto maskini katika shule iliyoanzishwa na Thomas Guthrie, ambamo watoto wasio na mtunzaji walipata chakula pamoja na mafundisho. Baadaye akajifunza kazi ya mitambo, na mwaka 1873 akaenda Berlin, Ujerumani, akawa mchora ramani za mashine.

Mwaka 1876 alijitoa kuja Afrika pamoja na wenzake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua njia toka Saadani, pwani ya bahari, hata Mpwapwa, zaidi ya maili 200. Mwezi wa Juni 1878 akafika Kageyi, penye pwani ya kusini ya Ziwa, mashariki ya Mwanza. Huko alikuta vyombo vimetawanyika na vyuma vimeshika kutu, kwa maana wenzake wawili walikuwa wameuawa Ukerewe mwaka uliotangulia. Mackay hakutafuta kisasi. Alivuka kwenda kwa mtemi Lukonge, akasema naye kwa amani, akarudi salama.

Kisha akatweka kwenda Buganda katika mashua iliyoitwa Daisy. Tufani ikaitupa pwani na kuivunja vibaya. Mbao mpya hazikupatikana. Basi Mackay akaikata mashua katikati, akaondoa sehemu ile, akaziunganisha ncha mbili zilizobaki, na mbao alizoziondoa akazibia matundu. Safari ikaendelea, na mwezi wa Novemba akafika kwa Kabaka Mutesa.

Huko Buganda alijenga nyumba, akachimba kisima na kukitia bomba, na watu wakastaajabu kuona maji yakipanda juu. Vitabu vilipokosekana, alichonga herufi kwa mkono, akapiga chapa karatasi za kusomea. Vijana wakaja wengi kujifunza, na wengine wakakaa pale pale nyumbani. Mmoja wao alikuwa Lugalama, mtoto aliyetekwa vitani mbali na kwao, naye akapata kwa waalimu makao mapya.

Lakini Mutesa akafa mwaka 1884, na Mwanga mwanawe akashika kiti. Tarehe 31 Januari 1885, Lugalama na vijana wenzake wawili, Kakumba na Seruwanga, waliuawa kwa moto. Mackay na mwenzake waliwaombea, wala hawakusikilizwa. Ukuta wa nyumba, hata ukiwa imara namna gani, haukuweza kuwalinda watoto wale. Huzuni hiyo ilikuwa kubwa kuliko tufani ya Ziwa. Hata hivyo hakuiacha kazi, akaendelea kufundisha na kupiga chapa.

Mwaka 1887 Mwanga alimfukuza. Mackay akavuka Ziwa tena, akaanza upya Usambiro, upande wa kusini. Mwaka uliofuata, Askofu Parker na mwenzake mmoja walikufa hapo kwa homa mwezi mmoja. Mackay hakukata tamaa. Alisimamisha boma la miti mirefu, akajenga nyumba na karakana, akachimba shimo la kupasulia mbao, akaanza kuunda chombo cha kuvukia Ziwa. Mwaka 1889 msafiri Stanley alipopita, aliwaona hapo wavulana wakubwa kwa wadogo, wenye afya na furaha. Stanley akamwalika waende pamoja pwani akapumzike. Mackay akakataa, kwa kuwa kazi ilikuwa haijakwisha.

Katika siku zake za mwisho aliandika shauri juu ya shule za Afrika. Aliona kuwa si vema kutawanya waalimu wachache wa kigeni huku na huku. Afadhali kuchagua mahali pachache penye afya, kujenga hapo vyuo imara, na kuwafundisha Waafrika wenyewe wawe waalimu wa nchi zao. Alitoa mfano wa daraja kubwa la Forth lililokuwa likijengwa kwao: nguzo zake ni chache, lakini zimeimarishwa sana, na toka kila nguzo mikono ya chuma hunyoshwa pande mbili hata ikakutana.

Daraja lile lilifunguliwa mwezi wa Machi 1890. Mackay hakupata habari hiyo, maana homa ilimwua tarehe 8 Februari mwaka ule ule, naye alikuwa na umri wa miaka 40. Mbao alizozipasua kwa ajili ya chombo chake ndizo zilizotengenezwa jeneza lake, na vijana wa Usambiro walisimama kaburini wakiimba. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Chombo chake hakukimaliza. Lakini wale aliowafundisha kusoma waliwafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine tena. Ajengaye kwa miti hujenga kwa miaka michache. Amfundishaye mtoto amesimamisha nguzo ambayo wengine wataegemea.