Padre Augustus Tolton: Aliyefungiwa Milango na Bado Akapiga Hodi



Majuzi baada ya rozari tulikaa kikundi kuzungumzia ubaguzi wa rangi na namna polisi wa Marekani wanavyowatendea watu weusi. Mazungumzo yalipamba moto. Mmoja wetu akasema hayo ni mambo ya siasa, kanisani tusali tu. Mwingine akauliza kwa uchungu kama Kanisa lenyewe halijawahi kubagua. Tukanyamaza wote. Nilirudi nyumbani na swali lile, na aliyenijia akilini ni Padre Augustus Tolton. Leo nawasimulia maisha yake.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1854 huko Missouri, mtumwa, mtoto wa watumwa. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, na mabwana waliowamiliki walikuwa Wakatoliki pia. Yaani waliabudu Mungu yuleyule, na kesho yake mmoja anamwamuru mwenzake kama mali yake. Augustus akabatizwa, lakini ubatizo haukumwondolea minyororo.

Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mama yake, Martha Jane, aliwachukua watoto wake watatu akatoroka. Augustus alikuwa na miaka kama minane. Tukumbuke sheria ilivyokuwa: tangu mwaka 1850, sheria ya nchi nzima iliwalazimu maofisa wa serikali kumkamata mtumwa aliyetoroka, hata akiwa amefika jimbo lisilo na utumwa. Aliyemficha aliweza kufungwa miezi sita na kutozwa faini hadi dola 1,000. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1864. Kwa hiyo mama yule hakuwa akimkimbia bwana mmoja mkatili tu; mfumo mzima ulikuwa nyuma yake. Kwa msaada wa wanajeshi wa Kaskazini wakavuka mto Mississippi, wakafika mji wa Quincy, Illinois. Wakawa huru.

Huru, lakini si sawa na wengine. Augustus alifanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku akiwa bado mtoto. Alipoanza shule ya parokia, wazazi wazungu walilalamika mpaka akaondolewa. Hapo ndipo Mungu alipomtuma Padre Peter McGirr, mzaliwa wa Ireland, akampokea katika shule yake na kusimama imara watu walipopinga. Jamani, mtu mmoja tu aliyekataa kuyumba!

Kijana akasikia wito wa upadre. Seminari za Marekani hazikumkubali kwa sababu ya rangi yake. Basi mapadre waliomfahamu wakamfundisha wenyewe, na mwaka 1880 akapelekwa kusoma Roma. Alipadrishwa tarehe 24 Aprili 1886, Jumamosi Kuu, katika Basilika la Laterano. Alidhani atatumwa huku kwetu Afrika. Lakini uamuzi ulikuwa arudi Marekani, kulekule alikofungiwa milango. Akatii. Akawa padre wa kwanza wa Marekani aliyejulikana wazi kuwa mtu mweusi.

Huko Quincy watu walimpenda, weusi kwa weupe, wakaja kwenye Misa zake. Eti hilo likawa kosa! Padre mwenzake wa jirani alimpinga sana, akitaka ahudumie weusi peke yao. Fikiria uchungu wa kusukumwa na ndugu yako wa altare ileile. Mwaka 1889 akahamia Chicago, akawakusanya Wakatoliki weusi maskini na kuanza kuwajengea kanisa la Mtakatifu Monika.

Januari mwaka huohuo, mjini Washington, Wakatoliki weusi walifanya kongamano lao la kwanza, lililoanzishwa na mwandishi wa habari Daniel Rudd. Padre Tolton ndiye aliyeadhimisha Misa. Kisha walei wakakaa wakazungumza waziwazi kuhusu shule za watoto wao na vyama vya wafanyakazi vilivyowabagua. Hapo nikapata jibu la swali letu la kikundi: wale hawakuchagua kati ya sala na mazungumzo. Waliinuka kutoka altareni wakaenda mezani kuzungumza.

Padre Tolton alifariki tarehe 9 Julai 1897, akiwa na miaka 43 tu, baada ya kuanguka barabarani Chicago kwa joto kali. Kanisa lake lilikuwa halijakamilika. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alitambua rasmi kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Kwa hiyo ndiyo, wapo wana wa Kanisa waliobagua, na tusifiche. Lakini Tolton hakuwaachia hao Kanisa liwe lao. Nami najiuliza: kwenye kwaya yetu, kwenye jumuiya yetu, ni nani tunamkwepa kwa sababu ya kabila, rangi au umaskini wake? Wiki hii nenda ukae karibu naye. Msikilize kabla hujamjibu.

Tusali: Ee Bwana, uliyempa Padre Tolton moyo usiochukia, utupe ujasiri wa kusema ukweli na upendo wa kumfungulia mlango anayebisha. Amina.