Sayyid Barghash na Shela ya Dada Zake

Msafiri aondokaye Voi kuelekea Taveta hupita Mwatate, Bura na Maktau, kisha hushuka katika nyika hadi afike mpakani mwa Kenya na Tanzania. Watu wa pande zote mbili za mpaka huo husikilizana kwa Kiswahili, huuziana mazao na huoana. Mpaka wenyewe ulikubaliwa mwaka 1886 baina ya Waingereza na Wajerumani, nao ulikata katikati ya nchi ambayo Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, alidai kuwa ni yake. Wengi wetu tunamjua Barghash kama mjenzi wa Beit al-Ajaib na kama mtawala aliyefunga soko la watumwa. Wanaokumbuka kwamba miaka 27 kabla ya mpaka huo kuwekwa alitoka nyumbani kwake akiwa amevaa nguo za kike ni wachache. Makala haya yanasimulia maisha yake yakianzia kwenye kisa hicho, kwa kuwa bila matembezi ya usiku ule pengine asingeishi kutawala.

Barghash alizaliwa Zanzibar yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856 akirejea kutoka Maskati, na Barghash alikuwa pamoja naye chomboni. Walipowasili, kijana huyo alijaribu kuunyakua utawala kabla ya ndugu yake Majid kujizatiti, lakini hakufanikiwa. Majid akatawala, na Barghash akabaki na kinyongo.

Kinyongo hicho kiliigawa jamaa nzima. Miongoni mwa waliomuunga mkono Barghash walikuwamo dada yake wa tumbo moja, Meje, na dada zake wa baba, Khole na Salme. Salme alikuwa bado msichana wa miaka 15, lakini alikuwa na ujuzi uliokuwa adimu miongoni mwa mabinti wa zama zake: alijua kuandika. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwa sababu hiyo waliokula njama walimfanya kuwa mwandishi wao, na barua za kuomba silaha na wafuasi zikapita mikononi mwake.

Njama ilipogunduliwa mwaka 1859, Majid aliamuru nyumba ya Barghash izingirwe na askari, wengi wao Wabulushi. Waliokuwa ndani walikatiwa njia ya chakula na maji. Kusalimu amri kungekuwa mwisho wa madai yake yote, na kutoka kwa nguvu kungekuwa kifo. Hapo ndipo Khole na Salme walipoamua kwenda wenyewe. Walitoka usiku wakiongoza msafara wa wanawake, na walipozuiwa mlangoni walifanya jambo ambalo mabinti wa mfalme hawakulifanya: walisema na mkuu wa askari, mwanamume asiye jamaa yao, ana kwa ana. Mshangao wa kuwaona mabinti wa Sayyid Said wakimwomba uliwafungulia njia, wakaruhusiwa kuingia kwa muda mfupi.

Ndani ya nyumba, kazi ngumu zaidi ilikuwa kumshawishi Barghash mwenyewe. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Salme, alikataa kata kata kuvaa mavazi ya kike. Si vigumu kumwelewa. Hadi leo, katika lugha yetu, mwanamume anayeonekana kuwa mwoga huambiwa avae rinda au ajifunge leso, na hakuna asiyejua kuwa hilo ni tusi. Mtu aliyetaka kuwa sultani alitakiwa ajitwike tusi hilo mwilini mbele ya askari wa adui yake. Ila muda ulikuwa ukiyoyoma, na hatimaye alikubali. Yeye pamoja na mdogo wake, Abdulaziz, walifunikwa kwa shela hata yakabaki macho tu. Wanawake warefu kuliko wote walichaguliwa kutembea kando ya Barghash ili kimo chake kisimsaliti. Msafara ulitoka polepole. Askari walisogea pembeni kwa heshima, wakawapisha.

Yafaa tujiulize askari wale waliona nini. Buibui tulijualo lilikuwa bado halijaenea Zanzibar. Shela ya wakati ule lilikuwa vazi la wanawake wa tabaka la juu. Kijakazi hakuruhusiwa kujifunika kwa namna ile. Hivyo basi, shela haikuficha sura tu, bali pia ilitangaza cheo cha aliyeivaa na kumwonya kila mwanamume asithubutu kuikaribia. Laiti msafara ule ungekuwa wa wajakazi vichwa wazi, huenda kila mmoja angekaguliwa. Barghash aliokolewa na vazi la kike, na vilevile aliokolewa na mpangilio wa kitabaka uliowapa wanawake wachache heshima ambayo wengi walinyimwa.

Nje ya mji Barghash aliungana na wafuasi wake, wakaelekea shamba la Marseille, ambako walijenga ngome. Uasi haukudumu. Majid alisaidiwa na Waingereza, shamba likashambuliwa, na watu wengi walipoteza maisha. Barghash alirudi mjini kwa siri, akazingirwa tena nyumbani kwake. Safari hii hapakuwa na shela. Alijisalimisha, akapelekwa Bombay, akakaa uhamishoni kwa takriban miaka miwili.

Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash alirithi kiti alichokitamani kwa miaka 14. Mwaka 1872 kimbunga kiliharibu mikarafuu mingi ya Unguja. Juni 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa likafungwa. Aliwaletea wakazi wa mji maji safi ya chemchemi kwa mifereji, akaanzisha kiwanda cha chapa, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Nchi ya Taita na Taveta iliingia katika habari zake mwaka 1885. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi bara, naye akamtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi lake, aende na askari hadi Kilimanjaro. Wakuu wa Kichaga na wa Kitaita walikubali kuitambua bendera ya Sultani. Haukupita muda, Mjerumani Karl Jühlke naye akafika Moshi na mikataba yake. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani. Mwaka uliofuata mataifa mawili ya Ulaya yaligawana bara: mstari ulianzia mdomo wa mto Umba, ukapita Ziwa Jipe, ukatenganisha Taveta na Uchaga, ukaendelea hadi Ziwa Viktoria. Barghash aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Alilazimika kukubali Desemba 1886. Alifariki Machi 1888.

Na dada zake je? Salme alipatana na Majid baadaye, jambo ambalo Barghash hakulisamehe. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa kwa jina la Emily. Baada ya kufiwa na mumewe, alitamani kupatana na kaka yake. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alisafiri kutoka Ujerumani ili amwone, lakini wakuu wa Kiingereza wakamzuia. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar pamoja na manowari za Wajerumani, na Barghash akakataa kumpokea. Ni kweli kwamba alikuja chini ya bendera ya adui na kwamba alikuwa ameiacha dini ya wazazi wake. Sultani alikuwa na hoja. Hata hivyo, yule aliyefungiwa mlango ndiye aliyewahi kusimama mlangoni mbele ya askari ili kaka yake apite.

Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ni kwa kalamu yake kwamba tunajua jinsi kaka yake alivyosita, jinsi alivyofunikwa, na nani alitembea kando yake. Majumba na mikataba huhifadhi jina la Sultani. Habari za wanawake waliompitisha zimehifadhiwa na msichana aliyejifunza kuandika kwenye mfupa.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama kichekesho, mfalme aliyevaa kike. Nadhani wanacheka pasipofaa. Shela haikumpunguzia Barghash chochote; ilimwongezea miaka 29 ya uhai na kiti cha enzi. Linalosikitisha ni kwamba mtu aliyewahi kuuona ulimwengu kupitia tundu la macho la shela, akategemea ujasiri wa wanawake kila hatua, aliishi miaka yote hiyo bila kuonyesha kwamba deni lile lilikuwa deni. Sisi tunaosoma fasihi na historia ya lugha hii, tunapolitaja jina lake Zanzibar au kwenye mpaka wa Taveta, tuyataje pia majina ya Khole na Salme.