Jaji Nyalali: Alifungua mlango wa vyama vingi, katiba za vyama bado hazisomwi

Leo mkazi wa Chala, wilayani Nkasi, anaweza kujiunga na chama anachokitaka bila kuogopa polisi. Kabla ya Julai 1992 chama kilikuwa kimoja tu, CCM. Mtu aliyebeba mzigo mkubwa wa mabadiliko hayo ni Francis Lucas Nyalali.

Nyalali alizaliwa Februari 3, 1935. Alisomea sheria, akawa hakimu, akapanda hadi Mahakama Kuu. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Jaji Mkuu akiwa na miaka 42 tu. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 23, hadi 2000, na hakuna aliyemfikia. Mahakama ya Rufani ilipoanzishwa 1979, yeye ndiye aliyeanza kuiongoza.

Tume iliyompa jina

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimkabidhi kazi ngumu: azunguke Bara na Visiwani, awaulize wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi.

Tume yake ilisikiliza watu zaidi ya 36,000. Majibu yakaja: karibu asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 21.

Kwa hesabu za haraka, mjadala ulikuwa umekwisha. Lakini Tume ilipendekeza vyama vingi. Hoja yake ilikuwa kwamba mmoja kati ya kila watano ni watu wengi mno kunyamazishwa, na ni heri kubadilika nchi ikiwa tulivu kuliko kusubiri vurugu.

Tume ilitaja pia sheria 40 zinazokandamiza haki, ikashauri serikali tatu, katiba mpya na elimu ya uraia kwa wananchi wote. Vyama vingi vilikubaliwa haraka. Serikali tatu zilikataliwa, na mengine mengi yakawekwa kiporo.

Sheria ikaja, elimu ikabaki nyuma

Bunge lilitunga Sheria ya Vyama vya Siasa Namba 5 ya 1992. CCM ilihesabiwa kuwa imesajiliwa moja kwa moja. Vyama vipya vilitakiwa kupeleka katiba kwa Msajili, kisha kupata wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwenye mikoa isiyopungua 10, ikiwemo ya Unguja na Pemba. Chama cha dini, kabila au kanda moja hakiruhusiwi.

Hapo ndipo utata unapoanza. Katiba ya chama ipo, fomu za usajili zipo, ila mwanachama wa kawaida ana kadi tu mfukoni. Nani anateua mgombea? Kikao gani kinaweza kumfukuza mtu? Rufaa inakatwa wapi? Wengi huyajua hayo siku mgogoro unapolipuka.

Na si mambo ya ndani ya chama tu. Kwa Katiba ya nchi, mgombea ubunge lazima adhaminiwe na chama, na mbunge akipoteza uanachama anapoteza kiti. Kumbe kikao cha watu wachache kinaweza kufuta kura za jimbo zima kwa kanuni ambayo wapiga kura hawajawahi kuiona.

Vyama vingine pia hupokea ruzuku, yaani pesa za walipa kodi. Tangu 2016 ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayompa raia haki ya kuomba taarifa ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Lakini nakala ikiwekwa wazi mtandaoni na kwenye ofisi ya kata, mtu wa Chala hana haja ya kuomba wala kufunga safari hadi Dodoma.

Jaji Nyalali alifariki Aprili 2, 2003. Mlango aliousukuma uko wazi, ila elimu aliyoishauri bado ni deni. Kwa aliye na kadi ya chama, pa kuanzia ni rahisi: aombe katiba ya chama chake kwenye tawi, aisome kabla ya uchaguzi wa ndani.