Mekatilili Alivyoishinda Milima

Mpenzi msomaji, wewe unayeshuka kwenye baiskeli na kuisukuma kila ufikapo kilimani, kaa kitako nikusimulie habari za Mekatilili wa Menza.

Mama huyu alikuwa Mgiriama, mjane. Serikali ya Waingereza ilipotaka kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi, yeye alikataa katakata. Mwaka wa 1913 alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakamfuata. Huko Kaya Fungo wakala kiapo. Ukitaka usitake, huko kuzunguka ndiko kulikuwa mazoezi yake.

Mwaka huo huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, nchi ya milima na baridi. Lo! Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu, mamia ya kilomita. Kati ya Kisii na Giriama kuna Bonde la Ufa, ushuke kisha upande, halafu nyika kavu. Wakafika! Agosti alikamatwa tena, na mwaka wa 1919 akarudi kwao. Alifariki miaka ya 1920, akazikwa Bungale. Sanamu yake iko mjini Malindi.

Nikiwa kidato cha kwanza nilitaka kuacha shule kwa sababu ya kilima kimoja tu na baiskeli nzito ya baba. Nikamkumbuka mama huyu. Kila wiki nilipanda hatua chache zaidi kabla ya kushuka. Siku hizi sishuki. Haba na haba hujaza kibaba.