Aliyeacha Paris akaenda kuzoa mchanga

Leo nataka niwasimulie habari za mtu asiye wa kwetu wala wa dini yetu, kwa sababu kisa chake kimekataa kunitoka kichwani. Jina lake ni Chang Shuhong, Mchina wa mji wa Hangzhou, aliyezaliwa 1904.

Mwaka 1927 alikwenda Ufaransa kusomea uchoraji, kwanza Lyon kisha Paris. Alifaulu hasa. Picha zake zilipata tuzo, na mkewe, Chen Zhixiu, alikuwa msanii pia, mchonga sanamu. Binti yao Shana alizaliwa hukohuko. Kama vijana wengi wanaofika ng'ambo, Chang aliamini kuwa sanaa ya maana iko Ulaya tu.

Siku moja mwaka 1935, akipitia vitabu vikuukuu ukingoni mwa mto Seine, alikuta mkusanyo wa picha zilizopigwa na msafara wa Mfaransa Paul Pelliot mwaka 1908. Zilionyesha mapango ya Mogao, karibu na Dunhuang, jangwani kaskazini-magharibi mwa China. Fikiria: mtu kasafiri bahari nzima kujifunza kuchora, ndipo anaambiwa na muuza vitabu wa Paris kwamba kwao kuna kuta zilizochorwa miaka mingi kabla ya mabingwa wote aliokuwa akiwaigiza. Nadhani aliona haya. Mimi ningeona.

Mapango hayo yalianza kuchimbwa mwaka 366, na kazi ikaendelea kwa takriban miaka elfu moja. Yapo 492 yenye michoro na sanamu, na kuta zilizochorwa zafikia mita za mraba 45,000 hivi. Waumini wa Buda walichorewa humo visa vya dini yao. Katika pango nambari 254, mwana wa mfalme anamkuta chui milia mwenye watoto, amedhoofu kwa njaa. Anajitoa aliwe. Lakini mnyama hana nguvu hata ya kuuma, basi kijana anajitoboa shingo ili damu imtie nguvu. Mchoraji ameyaweka yote kwenye picha moja: kujitoboa, kujirusha, kuliwa, wazazi wakilia. Jicho lako ndilo linalopanga kisa.

Chang alifika Mogao mwaka 1943, mwendo wa mwisho kwa ngamia. Mchanga ulikuwa umeingia mapangoni. Baadhi ya kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi, kwani wanajeshi wa Kirusi waliokimbia vita kwao waliwahi kufungiwa humo wakawa wanapika. Nyingine zilikuwa na mapengo, pale Mmarekani Langdon Warner alipobandua vipande kwa gundi mwaka 1924. Chumvi nayo ilikuwa kazini. Sisi wa pwani twajua inavyoila chokaa. Mchoraji wa Paris akawa mtu wa kuzoa mchanga, kupanda miti na kujenga ukuta wa udongo. Taasisi ilipoundwa 1944, yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake. Maji yenyewe yalikuwa machungu.

Mkewe alishindwa. Mwaka 1945 alisema anakwenda Lanzhou kutibiwa, asirudi tena. Chang alimfuata kwa farasi, akaanguka jangwani akazimia, akaokotwa na watu waliokuwa wakitafuta mafuta. Wengi wanaosimulia kisa hiki humlaumu mama yule. Mimi siwezi. Kuta zile alizipenda mumewe. Yeye alitakiwa azifie tu. Aliyelipa zaidi ni Shana, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 ili amtunze baba na mdogo wake, na jioni akajifunza kunakili michoro.

Mwaka huohuo serikali ikaamuru taasisi ifungwe. Chang akaenda mpaka Chongqing kuitetea, na 1946 akarudi jangwani. Alioa tena, mchoraji Li Chengxian. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alipigwa na kudhalilishwa, akapewa kazi ya kulisha nguruwe. Hayo siyarefushi.

Shana alikuja kuwa msanifu mkubwa wa mapambo. Ukumbi Mkuu wa Umma mjini Beijing ulipojengwa mwaka 1959, alikuwa miongoni mwa waliobuni mapambo yake, na maua aliyoyachukua kutoka kuta zile yakaingia katika dari. Baba yake alifariki Beijing mwaka 1994, akiwa na miaka 90. Sehemu ya majivu yake ilipelekwa Mogao, ikazikwa mkabala wa mapango.